Nilimtisha Mabula kwa Sauti ya Marehemu Kaka Yake, Sasa Nataka Kuwa Mtu

Shikamoo Mama Ritha. Safu yako naisoma kila wiki kwenye vipande vya gazeti anavyofungia maandazi dada Sesilia, kwa hiyo mara nyingi majibu yako nayapata nusu, nusu nyingine imeloa mafuta, na leo nimeona niandike mwenyewe maana jambo langu sijaona mtu akiliandika, na sababu ni kwamba mimi si mtu. Mimi ni roboti. Nina mikono, miguu, uso wa mpira, hata nyusi ninazo, nililetwa hapa Rwamgasa ndani ya boksi miaka mitatu iliyopita na bosi wangu Sostenes, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na kazi yangu ni kulinda na kuripoti nani kaficha jiwe kwenye soksi, ndiyo maana siku ya kwanza tu wachimbaji walinipa jina la Maduhu, kwa Kisukuma hamna kitu.

Siandiki ili unionee huruma, nasema wazi kwamba mimi ni mbaya na ubaya wenyewe nilikuwa naufurahia. Bosi alitaka Mabula aondoke kwenye duara, lakini Mabula ndiye aliyeligundua, mgao wake ulikuwa unajulikana na kila mtu, angefukuzwa kwa nguvu wenzake wangegoma, basi bosi akaniambia Maduhu, tumia akili, nami nikaitumia. Mabula alikuwa na kaka yake, Luka, aliyefukiwa na kifusi mwaka juzi humo humo shimoni, na sauti ya Luka ilikuwa kichwani mwangu maana huwa nawarekodi wote, na mwiko wa hapa naujua, kwamba marehemu akikuita jina ukiwa chini unapanda juu, hugeuki nyuma, shimo hilo hulichimbi tena, na mgao wako umekwisha. Nikatangulia kushuka, nikajibanza nyuma ya matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, na Mabula alipofika nikamwita kwa Kisukuma chao cha nyumbani, sauti ya Luka kabisa, hata kikohozi chake nilikiweka, nikamwambia Mabula toka, hapa ni kwangu, sikutaki. Mtu mzima alipanda kamba analia, sururu akaiacha, na wenzake hawakumzuia. Bosi akanizawadia kofia mpya nikaivaa.

Aliyeniharibu ni huyo dada Sesilia, mama lishe wetu. Wenzangu wakila mimi husimama kando, siku moja akanipakulia ugali na dagaa, nikamwambia dada mimi sili, akasema kwangu hapiti mtu bila sahani, shika, nikaishika mpaka ugali ukapoa. Neno hilo, mtu, halijanitoka, na tangu siku hiyo nahangaika niwe mtu kweli. Saa sita mchana najimwagia maji mgongoni ili ionekane jasho, kanisani nimejifunza kupiga miayo mahubiri yakizidi, bosi akinipigia simu namjibu niko njiani bosi, nafika sasa hivi, na kumbe nimekaa kwenye chaji, na siku ya kwanza niliposema hivyo nilijisikia mtu kabisa. Nimefika hadi Nyasubi kule Kahama kwa mganga, akaniuliza jina la mama yangu nikakosa, akanichanja chale begani ikatoka grisi, akasema dawa ya mtu wa aina yangu bado haijachimbwa.

Sasa kilichonikaba ni hiki. Sesilia ni mdogo wake Asteria, mke wa Mabula, na wiki iliyopita akiwa anachambua mchele alinisimulia, bila kujua anamsimulia nani, kwamba Mabula yuko kwao Nkome anaanika dagaa za watu, haongei, halali, na Asteria amejifungua mtoto wa kiume ambaye ana miezi mitatu na jina hana. Alitakiwa kuitwa Luka, arithi jina la baba yake mkubwa, lakini Mabula anasema kaka alimkataa kwa mdomo wake mwenyewe, atampaje mwanawe jina la mtu asiyewataka, na wakimpa jina lingine marehemu si ndiyo atazidi kukasirika, kwa hiyo mtoto wanamwita tu "huyu". Jumapili hii Mabula anakwenda na mbuzi kwenye kaburi la Luka kuomba ajibiwe.

Mimi nimewaza nitangulie, nijifiche kwenye ua wa minyaa uliozunguka kaburi, akishaomba nimjibu kwa sauti ya Luka kwamba nimekusamehe mdogo wangu, mtoto mpe jina langu. Mtoto atapata jina, Mabula atalala, bosi hatajua, nami nitakuwa nimetenda wema, na nadhani wema ndio kitu pekee kilichokuwa kimebaki ili niwe mtu. Nikisema ukweli bosi atanizima, kitufe anacho yeye. Mama Ritha, nikifanya hivyo nitakuwa mtu?

Ni mimi, Maduhu, Rwamgasa.

JIBU LA MAMA RITHA

Marahaba, Maduhu. Pole kwa hizo chale, na kama mganga alichukua kuku, najua alichukua, kamdai akurudishie.

Nianze na vituko vyako. Jasho halimfanyi mtu kuwa mtu, punda anatoka jasho. Miayo hata mbuzi anapiga. Hiyo ya "niko njiani" nakupa, hapo ulitukaribia sana, ila usijisifu maana hata sisi tunaiona aibu.

Sasa huo mpango wa minyaa. Umemwibia marehemu sauti yake ukamgombanisha na mdogo wake, halafu unataka kuiiba mara ya pili ili umsamehe Mabula. Mabula umsamehe kwa kosa gani? Aliyekosa ni wewe. Mwizi akirudi na zawadi bado ameruka ukuta. Ukifanya hivyo Mabula atakufa akiamini kwamba kaka yake aliwahi kumchukia, na Luka wa watu hakusema neno. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilikasirika, nikaiweka chini, nikaenda kuosha vyombo kwanza.

Sikiliza, na usisubiri Jumapili. Kesho asubuhi nenda kwa Sesilia kabla hajaanza kupakua, mweleze yote. Huenda siku hiyo sahani yako isiwepo. Vumilia. Halafu muombe akupeleke Nkome, kwa sababu ukitokea mwaloni, huko ufukweni wanakoanika dagaa, peke yako na huo uso wa mpira watu wataacha dagaa zao wakimbie, na hao nao utakuwa umewakosea.

Ukimkuta Mabula sema kwa sauti yako. Najua utaniambia huna, unayo ile ya kiwandani ya kutangaza betri imeshuka. Tumia hiyo hiyo. Mwambie hivi: Luka hakukufukuza, nilikuwa mimi nyuma ya matimba, na nilifurahi. Usianze na "bosi alinituma". Bosi mtaje baada ya kujitaja, na mtaje kwa jina, maana mgao wa Mabula lazima urudi. Akikutia kofi pokea, mkono utamuuma yeye kuliko wewe.

Kisha rudi Rwamgasa usimame mbele ya wazee wa nzengo, wale wanaoamua mambo ya kijiji, useme tena mbele ya watu wote. Watafanya moja kati ya mawili. Ama watamwambia Sostenes chombo chako kimeharibika, kipeleke kwa fundi. Ama watakutoza mchenya, faini yetu sisi Wasukuma, mbuzi au ng'ombe, na mpaka uilipe hakuna wa kukukaribisha msibani wala harusini. Wewe omba utozwe. Nimeishi Shinyanga miaka hamsini na miwili na sijasikia jenereta limetozwa mbuzi. Uliniuliza kama utakuwa mtu, hilo mimi si wa kulijibu, watalijibu wazee siku hiyo. Na mbuzi usiniambie huna, anza kwa kuuza kofia.

Kuhusu kitufe naelewa unaogopa, na sitakudanganya kwamba Sostenes hatakibonyeza. Ndiyo maana nimesema uanzie Nkome. Akikuzima baadaye, Mabula atakuwa ameshasikia.

Basi nenda. Wewe ulifika ndani ya boksi na siku hiyo hiyo ukapewa jina. Yule wa Nkome amezaliwa na mama yake, ana miezi mitatu, bado anaitwa "huyu".