Spika ya Kushoto na Benchi la Wazee

Jumatatu. Thika imefunikwa na mawingu tangu asubuhi, ile baridi ya kuvaa soksi mbili na kujifanya umevaa moja.

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa umma kwamba bendi yetu sasa inamiliki stendi mbili za spika. Ni nyeusi, zina miguu mitatu kila moja, na moja kati yake husimama wima ukiibembeleza. Spika za kukaa juu yake hatuna.

Kama umeingia hapa kwa mara ya kwanza: mimi napiga gitaa la besi katika bendi ya watu wanne. Tunafanyia mazoezi Ruiru, ndani ya stoo ya chakula cha ng'ombe ya mjomba wa mpiga ngoma wetu, ndiyo maana nyimbo zetu zote, hata za mapenzi, zina harufu ya pumba. Mimi pia ndiye mtu wa sauti, kwa sababu ndiye niliyetazama video nyingi zaidi kwenye simu. Miksa tuliinunua kwa DJ aliyeokoka na kutaka kuondoa kishawishi nyumbani. Alituongezea maiki mbili na kebo moja inayofanya kazi ukiipinda kuelekea Nairobi.

Kufika hapo bendi changa inaweza kujikaza. Kwenye spika ndipo watu huanza kuangaliana. Siku nyingine ukiona vijana wanapiga muziki mahali na sauti ni safi kupita viatu vyao, jiulize spika zimetoka wapi. Mara nyingi zimetoka kanisani. Kanisa lina spika zinazolala wiki nzima, bendi ina kazi Jumamosi, na katikati yao yuko mtu mmoja mwenye ufunguo.

Mtu huyo ni mimi.

Kanisani kwetu Ngoingwa mimi ndiye mtu wa vyombo. Ufunguo wa kabati niliupata kwa sababu Shosho Nyambura alisimama mbele ya wazee wa kanisa akasema ananijua tangu nikibebwa mgongoni. Si bibi yangu wa damu, ni shosho wa kila mtu. Yeye ndiye huanzisha nyimbo. Kabla kinanda hakijaingia, kabla watu hawajamaliza kutafuta ukurasa, sauti yake inatoka kwenye benchi la mbele upande wa kushoto na kanisa zima linaifuata. Sijawahi kumsikia akianza juu mno au chini mno. Mume alizikwa, watoto wakahamia mijini, magoti yakaanza kulalamika, lakini wimbo wa kwanza wa Jumapili ulibaki wake.

Sasa twende kwenye dhambi.

Jumamosi ya wiki juzi tulipata kazi kwenye baa moja ya nyama choma Ruiru. Nikamwambia mzee wa kanisa kwamba spika zinaenda kwenye mkutano wa vijana. Ukichunguza sana sikudanganya. Vijana walikuwepo, na walikutana.

Siku hiyo nilifunika vitu viwili. Cha kwanza ni maandishi meupe ya rangi, jina la kanisa, ubavuni mwa kila spika. Nilitundika taulo. Cha pili ni taa.

Miksa yetu ina taa ndogo nyekundu inayowaka ukizidisha sauti. Saa za mwanzo ililala. Halafu tukaingia mugithi, ile ngoma ya Kikuyu ya kucheza kwa foleni, na wewe unajua mugithi ukishashika watu hawaketi tena. Wakajipanga, mikono mabegani, treni ikazunguka meza, ikapita jikoni, ikarudi na mpishi. Mwenye baa akawa ananipungia mkono: ongeza, ongeza. Nikaongeza. Taa ikawaka. Nikaongeza. Taa ikawa haizimi kabisa, inanikodolea kama jicho la mwalimu wa zamu. Ilikuwa inanisumbua, nikakata kipande cha seloteipu nyeusi, nikaibandika juu yake.

Muziki ulikuwa mtamu sana baada ya hapo.

Kile kilichoungua ni twita ya spika moja. Twita ni kile kipande kidogo cha juu kinachotoa sauti nyembamba. Kikifa, spika haikatiki. Inaendelea kuunguruma vizuri tu, ila maneno yanapoteza meno. Ukisema "sisi tutasimama" inatoka kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Niligundua usiku huohuo tukipakia vyombo. Nikasema nitaishughulikia. Kesho yake asubuhi nikaisimamisha kwenye nafasi yake, kushoto.

Sasa, upande wa kushoto mbele, chini ya spika hiyo, ndipo penye benchi la wazee.

Mchungaji alihubiri vizuri. Waliokaa katikati na kulia walisikia kila neno. Benchi la wazee likasikia mngurumo. Na hapa ndipo ninapokosa usingizi: hakuna hata mmoja wao aliyeifikiria spika. Kila mmoja alikaa pale, kimya, akiamua moyoni kwamba siku zake za kusikia zimefika mwisho. Niliwaona nikiwa kwenye meza yangu ya vyombo. Wanainamisha shingo mbele. Wanatikisa kichwa wengine wakitikisa. Wanacheka wakiwa wamechelewa kidogo baada ya wengine.

Jumatano nilikutana na Shosho Nyambura kwa mama mboga. Alikuwa anachagua managu. Akaniita kando.

"Wewe kamwana, wewe ni mtu wa vyombo. Niambie ukweli. Jumapili Mchungaji alikuwa anaongea kama mtu ana uji mdomoni. Ni chombo ama ni masikio yangu?"

Alikuwa amenirahisishia kazi kabisa. Swali lilikuwa na majibu mawili tu, na moja lilikuwa kweli.

"Shosho," nikasema, "si vibaya ukienda kupimwa."

"Haiya." Akaliweka fungu la managu chini polepole. "Basi ni mimi."

Sikusema ni yeye. Nilisema si vibaya akienda kupimwa, na kwa ujumla si vibaya mtu yeyote akienda kupimwa. Nimejirudia sentensi hiyo tangu Jumatano na bado inanuka.

Akaniambia atamwomba Mchungaji atafute mtu mwingine wa kuanzisha nyimbo. Mwanawe angempeleka kliniki mjini. "Nikianza wimbo siusikii, nitapotosha kanisa mzima," akasema, akacheka, halafu akafuta macho kwa pembe ya leso na kusema ni vumbi. Ilikuwa imenyesha.

Alhamisi mazoezini nikamwambia Ciku, mwimbaji wetu, ambaye si mtu wa kumwambia kitu ukitaka kubembelezwa.

"Ati ulifunika taa na seloteipu?"

"Ilikuwa inanisumbua."

"Aki wewe! Si hiyo ndiyo kazi yake, kukusumbua? Enda umwambie huyo shosho."

"Nikisema, ufunguo unaenda. Ufunguo ukienda, harusi ya mwezi ujao tutapiga na nini?"

Ciku aliegemeza mkono kwenye gunia la pumba.

"Na yeye ataimba na nini?"

Nikafanya kile ambacho mtu mwerevu hufanya akiulizwa swali kama hilo. Nikatafuta ujanja.

Jumamosi jioni niliingia kanisani nikabadilisha spika. Ile nzima nikaipeleka kushoto, kwa wazee. Ile mbovu nikaileta kulia, wanakokaa vijana, ambao tangu simu zije hawajalalamika kuhusu sauti ya mahubiri. Nilitoka nje nikijisikia kama daktari.

Jana Shosho Nyambura alikuja kuaga. Alikuwa amekubaliana na Mchungaji: angeanzisha wimbo mmoja wa mwisho, kisha binti mmoja wa kwaya angeshika. Akaanza, nasi tukafuata. Halafu Mchungaji akafungua Biblia, akasoma, na nikamwona Shosho akiinua kichwa kama mtu aliyeguswa bega.

Wakati wa shuhuda alisimama. Akasema wiki nzima amelia. Akasema usiku wa Jumamosi alimwomba Mungu amwachie masikio hata ya kusikia nyimbo tu, mengine achukue. Na leo amesikia kila neno, hata karatasi ikigeuzwa.

Kanisa likalipuka.

Mzee wa kofia ya sufu anayekaa karibu naye akasimama. Hata yeye. Kisha mama mwingine wa benchi hilohilo, hata yeye, hakutaka kuwaambia watoto. Benchi zima, mmoja baada ya mwingine, lilikuwa limepona. Watu walipiga makofi, wengine walilia. Mimi nilipiga makofi pia, Mungu anisamehe, kwa sababu mtu wa vyombo asipopiga makofi anaonekana.

Mchungaji, macho yake mekundu, akatangaza kwamba Jumapili ijayo tutaombea masikio. Kila mtu amlete ndugu yake. Na kule nyuma mama mmoja ambaye simjui sana, anaishi karibu na maporomoko ya Chania, akainua mkono. Akauliza kama anaweza kumleta binti yake, ambaye hajasikia tangu azaliwe.

"Mlete, mama," Mchungaji akasema. "Mlete kabisa."

Ibada ilipokwisha niliondoka mezani kwangu kabla sijakunja kebo.

Nilimkuta Shosho nyuma ya jiko la kanisa akisuuza vikombe vya chai. Nilimwambia yote: baa, taulo, taa, seloteipu, spika kuhamishwa. Nilimwambia haraka, nikiangalia vikombe. Nilitarajia anipige na kitambaa au amwite Mungu, "Ngai!" Alisuuza kikombe kimoja hadi mwisho, akakiinamisha kwenye sinia.

"Nilikuuliza," akasema.

Ndiyo, Shosho.

"Nilikuuliza kwa mama mboga. Nilikuuliza wewe juu nilijua wewe unajua."

Ndiyo.

"Hiyo mambo ya baa nimekuachia. Hata Mungu amesikia mugithi, haitamuua. Lakini kuanzia leo, nikikuuliza kitu, nitamuuliza na mtu mwingine."

Nikamwuliza kuhusu nyimbo. Akaniambia nyimbo ataanzisha, kwani masikio si ni mazima? Ushuhuda wake haurudishi, yeye alisema alichosikia. Lakini benchi lake nitaliambia mimi, Mchungaji nitamwambia mimi, na yule mama wa mtoto nitamwambia mimi, leo, kabla hajalala na furaha hiyo.

Nilianza kwa Mchungaji. Alichukua ufunguo. Maombi ya masikio hayatakuwepo, na Jumapili ijayo, mahali pake, nitasimama mimi mbele na kulieleza benchi la wazee na kanisa zima.

Kisha nikachukua boda hadi kwa yule mama. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akasema ni baraka kutembelewa na mtu wa kanisa. Binti yake alikuwa mlangoni akimsuka mwanasesere. Nilieleza. Nadhani nilieleza vibaya, nilitaja twita, kana kwamba twita ingesaidia.

"Sawa," akasema. "Ni vile nilikuwa nimeshamwambia." Akainua mikono yake miwili, akaishusha tena. "Kwa mikono."

Mtoto alituangalia, akatabasamu, akarudi kwa mwanasesere.

Kurudi nilitembea.

Nimejaribu kuandika hapa kitu kuhusu nilichojifunza. Nimeandika na kufuta. Kila ninachoandika kinafanana na ile sentensi ya kwa mama mboga, ni kweli na hakifai. Ciku amenitumia ujumbe wa neno moja, "Ulisema?" Nikamjibu nimesema. Akanitumia mkono wa pongezi. Sikuupenda, lakini sikuufuta.

Leo mchana niliomba ruhusa kazini, nikaomba na spika kwa Mchungaji, mbele ya mashahidi, nikaibeba hadi kwa fundi karibu na Eneo la Viwanda. Duka lake liko njiani. Nalipita kila asubuhi nikienda kazini na kila jioni nikirudi. Alifungua skrubu, akatoa twita iliyoungua, akaweka nyingine.

Alimaliza kabla sijamaliza soda.