Sigara Arobaini za Bwana Hobgood

Kinston, 4 Machi 2009

Shikamoo Bibi,

Goti linaendeleaje? Mimi mzima, tena nanenepa kwa cheo. Yule mjukuu uliyesema hataajiriwa hata kufukuza kuku ndiye mpimaji wa kiwanda cha sigara cha Bwana Hobgood! Jimbo limeamuru: bila cheti cha usalama wa moto, hatuuzi hata pakiti moja. Basi nawasha sigara arobaini, moja moja, nailaza kila moja juu ya karatasi na kuiacha. Inatakiwa ijizime. Zikiungua kumi mpaka mwisho, tumepita; kumi na moja, tumefeli. Zangu zimeungua tatu. Tatu, Bibi! Fomu inatumwa Ijumaa tarehe 20, ina sahihi yangu.

Mjukuu wako bingwa,
Rayford

Snow Hill, 8 Machi

Marahaba Rayford,

Goti linauma, mdomo mzima. Hongera, ila punguza tambo. Darasa la hesabu ulirudia mara tatu, leo unafika arobaini bila vidole vya miguu?

Sasa nijibu. Wiki uliyopima mvua haikukatika. Nimechambua tumbaku maisha yangu yote: jani hunywa maji hewani, likalegea kama kitambaa, likakataa moto. Sigara zako zililala wapi kabla hujaziwasha?

Unajua kwa nini nauliza. Alama ya kiti cha babu yako kilichoungua bado iko sakafuni sebuleni, chini ya zulia. Alisinzia na sigara moja tu.

Bibi yako

Kinston, 11 Machi

Shikamoo Bibi,

Sijambo, lakini usingizi sina. Zililala garini kwangu, na dirisha halifungi. Zilitakiwa kukaa siku nzima kwenye chumba kikavu; nikaona uvivu.

Anayejua ni wewe tu. Bwana Hobgood keshabandika stempu kwenye bahasha ya fomu. Kiwanda kina watu sitini, Shangazi Corliss yumo. Niambie ninyamaze. Ukisema wewe, nitanyamaza.

Mjukuu wako

Snow Hill, 13 Machi

Rayford,

Sisemi kitu. Zulia nimelikunja. Njoo Jumapili ule, kisha ukae sebuleni.

Bibi yako

Kinston, 27 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limepoa. Ile nyama ya nguruwe ilikuwa tamu, ingawa sikuimaliza. Nilidhani alama yenyewe ni ndogo.

Jumatatu yake nilimwambia Bwana Hobgood. Tukapima upya, sigara kavu. Kumi na nane, Bibi.

Akafoka, “Umenifungia kiwanda, we mtoto!”

Nikamwambia, “Mimi nimefungua bahasha tu, mzee.”

Sasa nafagia. Shangazi Corliss hanisalimii. Mashine zimesimama zikingoja karatasi mpya, yenye mikanda minene ya kuzima moto, inafika Jumatano. Nimemwomba Bwana Hobgood nipime mimi. Kakataa. Kesho yake nikaomba tena. Jana ilikuwa mara ya tano. Hakukataa, kaniuliza tu ufunguo wa chumba kikavu nautundika wapi. Nikamwonyesha: shingoni.

Zulia usilirudishe kwanza. Ngoja nihesabu.

Mjukuu wako,
Rayford