Mshale Umepanda Magu

Masanja, ndugu yangu,

Nianze na ambalo uliondoka hujalijua: vile vihisi vya unyevu vinafanya kazi. Nilikuwepo Magu, nimeona mwenyewe.

Unakumbuka mhandisi Neema alivyoingia kwenye kibanda chako cha kuchapa fulana, Kiseke, na kopo la wino mweusi wa polima, unaopitisha umeme. Alitaka uchape mistari juu ya plastiki laini ya kupenyezwa ndani ya gunia la pamba, ipime unyevu. Ukamwambia, "Dada, nimechapia vyama vyote, lakini pamba haijawahi kugombea." Ukachapa, akaunganisha mita. Wewe, kwa mazoea yako ya kuangalia kama wino umekauka, ukainama ukaupulizia pumzi. Mshale wa mita ukaruka kwa unyevu wa pumzi yako. Neema alicheka mpaka akakaa chini.

Malaria ilikuchukua kabla ya msimu wa pamba. Baada ya mazishi kaka zako walitaka kuuza skrini na meza. Mkeo Kabula akawaomba wangoje: vihisi vikipata mnunuzi, kibanda kibaki.

Siku hizi wafanyabiashara binafsi wanagombania pamba, na wakulima wengine wanainyunyizia maji iongeze uzito. Mfanyabiashara mmoja wa Magu alikitazama kile kiplastiki alichopelekewa na Kabula, akasema, "Mama, mkono wangu unashika pamba tangu enzi za ushirika." Akachagua gunia alilolipapasa na kuliona kavu. Kabula akapenyeza kihisi hadi katikati. Mshale ukapanda. Gunia likamwagwa, katikati pamba imelowa chapachapa. Mkulima mwenye gunia akasema ni umande. Watu wakacheka, naye akacheka. Mfanyabiashara akaagiza vihisi vya maghala yake yote.

Kaka zako hawajataja tena kuuza. Kabula amepaka kibanda rangi ya bluu, ambayo ungeikataa. Mistari anayochapa imenyooka kuliko yako. Nakuambia kama mwandishi wa habari. Kila kipande kikikauka anainama, anakipulizia. Neema amemweleza kuna njia bora ya kupima. Kabula anasikiliza mpaka mwisho, anaitikia, halafu anapuliza.

Habari hii nitaiandika gazetini, na nakuahidi jina lako litakuwa kwenye sentensi ya kwanza. Mhariri akitaka kupunguza, atapunguza ya chini.

Pumzika, Masanja. Jana nilijaribu kupuliza na mimi. Mshale ulipanda vizuri tu.