Sahani ya Swaleh

Jumatatu, 29 Januari 1996

Nimekuna nazi tatu na kidole nimekikata kwenye mbuzi. Funga inanifanya mkali kuliko kawaida, na kawaida yangu si ya kusifiwa. Kofia ninayoishona kwa ajili ya Idd iko nusu. Macho yananiuma kwa vile vitobo. Mama amebandika muhogo tangu adhuhuri, utadhani muhogo nao unangoja adhana.

Swaleh, mdogo wangu, yuko juu. Hafungi. Mchana nampelekea uji, nafunga mlango harufu isitoke. Anakunywa kama mwizi. Mziwanda wa Mama, mwanamume mwenye ndevu, anajificha kunywa uji.

Alirudi kutoka Maskati kabla ya mfungo. Wenziwe wakirudi huko huja na mablanketi, redio, manukato ya kila shangazi. Yeye alikuja na mfuko mmoja. Majirani wameambiwa yuko likizo. Mama ameambiwa ni kifua. Mimi ameniambia kweli: kule anayetaka kuongezewa kibali cha kazi hupimwa damu. Akapimwa, akapandishwa ndege. Ni ukimwi. Nimeliandika mara moja, silirudii.

Nimemwambia Kaka Omar, maana Baba hayupo na yeye ndiye mkubwa wetu. Sijui kama nimefanya vyema.

Jumatano, 31 Januari

Kaka Omar amekuja kutoka kwake Buxton. Hakupanda juu. Alisimama jikoni, akatoa kwenye mfuko sahani nyeupe ya bati, kikombe na kijiko. Kila kimoja kina nukta nyekundu ukingoni. Ni rangi ya kucha ya mkewe.

"Hivi ni vyake," akasema. "Visichanganywe na vyetu. Na Mama asijue."

Mama nimemwambia ni vyombo vya mgonjwa, ili chakula chake kisiingie pilipili. Akaitazama sahani, akasema ni nzuri, akaendelea kuchambua mchele. Mama ni mtu wa kuamini.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niseme. Nimekasirika kwa ajili ya Swaleh. Kwa ajili yangu mwenyewe nimefurahi. Usiku uliopita niliota nakunywa maji katika bilauri yake.

Ijumaa, 2 Februari

Siku mbaya.

Ijumaa Kaka Omar huja kufuturu na mkewe na watoto. Nyumba hii haina meza. Tangu nijue kula, tunakula siniani, kila mtu na upande wake, na anayeinyemelea nyama ya mwenziwe hupigwa kofi la mkono. Swaleh alisikia sauti za watoto akashuka. Kanzu safi, mkono ukutani. Akakaa upande wake wa zamani, karibu na Mama.

Mimi ndiye niliyemwekea sahani mbele yake. Kaka Omar alinitazama mpaka nikaiweka.

Swaleh aliiangalia nukta. Kisha akaangalia vidole vya mke wa Omar. Rangi ile ile.

"Rangi nzuri, shemeji," akasema.

Akaichukua sahani yake, akapanda nayo juu taratibu. Mke wa Omar akaficha mikono ndani ya leso aliyojitanda. Mama akasema tuleni, tambi zinapoa.

Jumanne, 6 Februari

Nyumba ya Bi Rukia inatazamana na yetu. Kichochoro ni chembamba, ukinyoosha mkono dirishani unampa mtu chumvi. Tangu sijazaliwa, kila Ramadhani sahani zinavuka kabla ya magharibi, zetu kwenda kwake, zake kuja kwetu. Na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ukiirudisha tupu, heri usingeirudisha.

Leo nilitoka kununua ndimu nikaviona viazi vyetu vya rojo kwenye baraza ya Bi Rukia. Vyote, na nazi yake. Paka anakula. Paka wa Bi Rukia hafungi.

Kwa hiyo wanajua. Mji huu hauna siri, una watu wanaongoja zamu ya kuambiwa.

Na bado alituletea tambi zake, zimefunikwa kitambaa chenye maua. Anatupa chetu na anatupa chake. Sikumwambia Mama. Nilizila zile tambi zote peke yangu, kwa hasira, sasa tumbo limejaa gesi.

Alhamisi, 8 Februari

Nimempeleka Swaleh hospitali. Benchi refu, watu wengi, kila mtu anatazama viatu vyake. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima wa Kigiriama, alituita kando. Hakunong'ona, jambo ambalo lilinitisha na kunipendeza. Alisema ugonjwa huu hauambukizwi kwa sahani, wala kikombe, wala kukaa pamoja. Damu ndiyo ya kuogopa. Dawa ya vidonda vya mdomo anayo. Dawa ya ugonjwa wenyewe hakuna.

"Kuleni naye," akaniambia mimi. "Mtu akila peke yake hashibi."

Swaleh akaniuliza njiani, "Umesikia, dada Zena?"

Nimesikia. Nimesoma mpaka kidato cha nne, si mjinga. Nikarudi nyumbani nikaiosha ile sahani peke yake, kwa maji ya moto na dawa ya kuulia vijidudu, nikaianika mbali na nyingine. Akili imekubali. Mikono bado.

Jumamosi, 10 Februari

Swaleh kaharisha. Mashuka mara mbili. Joto. Kofia haijasogea hata tundu moja. Nimemfokea Mama bure kwa sababu ya chumvi.

Jumatatu, 12 Februari

Swaleh ameomba kitu. Hajaomba kitu tangu arudi, hata maji husubiri aletewe.

"Siku ya Idd n'taka kula siniani na nyinyi," akasema. "Siku hiyo tu. Kisha mtanirudisha kwa sahani yangu."

Nikamwambia inshallah, ile inshallah ya fundi aliyekwisha kula pesa zako. Akajua. Akageukia ukutani.

Nilikwenda Buxton kumwambia Kaka Omar. Alisema Swaleh akikaa siniani, watoto wake hawatakanyaga nyumbani. Si ubaya, anasema, ana watoto watatu, wa kumlaumu ni nani? Nikamweleza aliyosema muuguzi. Akasema muuguzi haleti watoto wake kula kwetu.

Nilitaka kumtukana nikakosa tusi, kwa kuwa mimi mwenyewe huiosha sahani peke yake.

Mama naye yuko jikoni anahesabu vidoleni nani atakaa wapi siku ya Idd. Wanawe wote, sinia moja. Nimeshindwa kumtazama usoni.

Alhamisi, 15 Februari

Mama aliamua Swaleh asomewe. Maalim Bakari alikuja baada ya alasiri, na Kaka Omar akaitwa aje, hakuweza kukataa. Maalim akataka sahani nyeupe ya kuandikia kombe. Aya huandikwa ndani ya sahani kwa zafarani, zikafutwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Mama alikwenda jikoni mwenyewe akarudi na sahani. Mimi nilikuwa kwenye karai la sambusa, sikuona.

Maalim akaandika, akasoma, tukangoja. Adhana ilipolia Mama akasema tutafungulia kombe sote, mgonjwa na wazima, baraka haina ubahili. Swaleh akanywa kwanza. Akampa Mama. Mama akanywa, akampa Omar.

Hapo ndipo nilipoiona nukta.

Ningeweza kusema. Ulimi ulikuwa mdomoni. Lakini kukatiza kombe mbele ya Maalim, niseme nini? Kaka Omar alikwisha kuinua, Bismillahi, akapiga funda kubwa. Alipoishusha sahani, zafarani ilikuwa imefutika na nukta imechomoza kando ya kidole gumba chake, akaiona. Rangi ilimtoka mtu mzima. Akanipa mimi. Nikafumba macho nikanywa yaliyobaki.

Maji ya waridi tu. Sijui nilitarajia nini.

Kaka Omar hakugusa futari. Alisema kichwa kinamuuma, akaondoka. Nilikwenda jikoni nikacheka mpaka nikalazimika kukaa chini, na nilipokaa nikaona ninalia.

Ijumaa, 16 Februari

Nilimwambia Mama, ile sahani ya jana ilikuwa ya Swaleh.

"Maalim ataka nyeupe," akasema, "na nyeupe ni ile. Zetu zote zina maua."

Nikasema Mama, kuna jambo hulijui. Akaacha kisu. Aliniangalia kama nilipokuwa mdogo na uongo wangu uko wazi.

"Kijana akirudi Maskati na mfuko mmoja, mamake hana la kuuliza. Nimengoja mmoja wenu aje aniambie. Kila siku mwanikuta hapa hapa jikoni. Hamkuja."

"Na ule uji anaobakisha," akasema, "wadhani huliwa na paka? Huumaliza mimi. Magharibi ndio nafungulia. Tangu siku ya kwanza."

Akarudi kwenye vitunguu. Mimi ndiye niliyeosha kile kikombe wiki zote hizi na kushangaa kuwa Swaleh anamaliza uji. Nimejiona mdogo. Nimeona haya mpaka masikio yamewaka moto.

Jumapili, 18 Februari

Swaleh hawezi kusimama tena. Kaka Omar haonekani. Ametuma nyama ya Idd, nyingi, bila salamu.

Jumanne, 20 Februari

Mwezi haukuonekana jana, kwa hiyo leo tumetimiza thelathini. Kofia nimeimaliza. Ni ya Kaka Omar, nilianza kumshonea kabla ya haya yote, na nimeimaliza kwa ukaidi.

Swaleh ameuliza kama biriani itakuwa na viazi vya kukaanga. Nimesema itakuwa navyo. Hakutaja sinia. Ngazi zetu ni kali kama za mnara, na hata angebebwa asingeweza kukaa. Mgongo umebaki mifupa. Naogopa kesho kuliko nilivyowahi kuogopa sahani.

Jumatano, 21 Februari. Idd

Kaka Omar alikuja baada ya sala. Peke yake. Watoto wamebaki na mama yao. Nikampa kofia yake, akaivaa, ikamkaa, akasema ahsante huku anatazama mlango.

Mama alikuwa amekwisha kupakua. Sinia kubwa, lile la harusi. Akamwambia, "Beba, Omar. Zito hili kwangu."

Akauliza libebwe wapi.

"Kwa nduguyo. Hawezi kushuka, tupande sisi."

Nilidhani atakataa. Alikunja mikono ya kanzu yake mpya, jasho usoni. Kisha akainama akalibeba, akapanda nalo ngazi zile kwa ubavu, mimi nyuma yake nikiomba lisiteleze. Likawekwa kando ya godoro. Mama akamwinua Swaleh, akamwegemeza kifuani kwake. Tukakaa, kila mtu na upande wake. Mkono wangu karibu na mkono wa Swaleh. Nimekula. Niliogopa tonge la kwanza tu.

Kaka Omar alikula wali mtupu, kwa ncha za vidole. Halafu nikaona anachambua nyama laini upande wake na kuisukuma upande wa Swaleh, kidogo kidogo, kama hataki aonekane.

Swaleh aliona. "Kaka, leo hunyang'anyi?"

"Kula," Omar akasema.

Swaleh hakula mengi. Vidonda. Lakini alilamba vidole vyote, kwa mpangilio, kama alivyofanya utotoni.

Baadaye Mama alijaza biriani katika sahani ya nukta, akaniambia niipeleke kwa Bi Rukia. Nikamuuliza, hii? Akasema hiyo, leo haina mwenyewe. Bi Rukia aliipokea kwa mikono miwili na macho chini. Sikukaa kumtafuta paka.

Ijumaa, 23 Februari

Sahani haijarudi. Swaleh hajakula tangu jana. Kaka Omar amelala hapa.

Jumatatu, 26 Februari

Swaleh amefariki alfajiri, Mama amemshika. Inna lillahi.

Kaka Omar na Maalim ndio walioingia kumwosha. Walivaa glavu alizotupatia yule muuguzi. Watu barazani walinong'ona. Kaka Omar alitoka mikono ya kanzu imelowa, akawaambia wanaotaka kubeba jeneza wabebe, wasiotaka wapishe njia. Wengi walibeba. Sikutegemea.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumamosi, 2 Machi

Watu wametawanyika. Mikeka imerudishwa. Nyumba ina sauti ya saa ya ukutani tu.

Bi Rukia amekuja asubuhi, mwenyewe, ameishika ile sahani. Mahamri juu, bado ya moto, na bakuli la mbaazi mkono wa pili. Siku za matanga alikaa mlangoni, hakuingia ndani. Leo ameingia mpaka jikoni. Hakuomba radhi. Alikaa kwenye kibao karibu na Mama, akasema Mungu ampe kauli thabiti, akalia kidogo.

Mama alimuuliza hali ya paka wake.

Sijui Mama anajua mangapi. Bi Rukia alisema paka hajambo, sauti ndogo sana. Kisha Mama akakata hamri, nusu akampa, nusu akala yeye, wote wawili wakachovya katika bakuli moja la mbaazi.

Nimeosha vyombo. Beseni moja, sabuni, maji ya mtungi. Nukta imeanza kubanduka upande mmoja. Sikuikwangua. Nimeifuta sahani nikaiweka kabatini pamoja na zile za maua.