Kifundo cha Mguu wa Kushoto

Jumapili, Cheyo. Mvua imeanza alfajiri na haijakatika. Sijatoka kitandani, wala sina hamu ya kutoka.

Mguu wangu wa kushoto umelala juu ya mito, umefungwa bandeji nene hadi chini ya goti. Wiki iliyopita, huko Mwanza, daktari alitoboa vitundu vidogo kwenye kifundo, akaingiza kamera nyembamba na kutazama ndani. Nilikwenda nikiamini nitarudi mzima.

Sivyo ilivyokuwa.

"Mama, kano zilikatika zamani sana," aliniambia nilipozinduka. "Nimesafisha nilichoweza, lakini gegedu limelika, mfupa unasagana na mfupa. Wakati ule mguu ungefungwa hogo, ile plasta ngumu, ukatulia, huenda zingeshika."

Wakati ule nilikuwa msichana wa shule ya msingi. Ilikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Tulitolewa kwenye tembe letu kule porini, tukapakiwa kwenye lori pamoja na magunia na kuku, kaburi la baba likabaki nyuma. Walitushusha kando ya njia ya zamani ya Ujiji, mahali palipokuwa na vigingi tu na visiki.

Dereva alikuwa na familia nyingine za kufuata, akawa anapiga honi. Mama alikuwa chini akipokea mizigo. Akaniambia, "Ruka, mwanangu."

Nikaruka, mdogo wangu akiwa mgongoni. Mguu ulitua juu ya kisiki, ukapinduka. Nilisikia kitu kikikatika humo ndani.

Mama alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga kipande cha khanga. Mvua zilikuwa zinakaribia na hatukuwa na paa. Uvimbe haujaisha, nikaanza kubeba nyasi za kuezekea. Hakuna aliyenituma. Nilimwona anabeba peke yake, mjane, nikashindwa kukaa.

Tangu hapo kifundo hakikunishika tena. Kiliteguka kisimani, kiliteguka kwenye shamba la tumbaku. Nikiwa na mimba ya pili, kiliteguka nikiwa na ndoo kichwani, nikaanguka kifudifudi.

Mtoto hakuzaliwa hai.

Siku ya maziko mama hakunitazama usoni. Nami sikumuuliza kwa nini. Tumeishi hivyo, yeye na mimi, tukizungumza kila kitu isipokuwa mguu huu.

Leo mchana ameingia chumbani akijishika ukutani. Amezeeka sana, macho yamefifia. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akauliza kwa Kinyamwezi, lugha anayoitumia akiwa hataki kuzungushwa: "Wamekuta nini humo ndani?"

Nikamwambia kuwa nilizaliwa na kano legevu. Daktari amesema hata nisingeruka, mguu ungeharibika tu.

Mkono wake uliipapasa bandeji, ukashuka polepole mpaka kwenye vidole, ukatulia hapo.

"Nilikuona ukichechemea na zile nyasi," akasema. "Nikaacha ubebe."

"Hatukuwa na paa, Mama."

"Hatukuwa nalo."

Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akanyanyuka, akaufuata ukuta hadi chumbani kwake.

Miaka yote hii nilidhani hakuniona. Nilidhani alikuwa na mengi kichwani, na hilo lilinisaidia. Sasa najua kwamba kila nilipoanguka, yeye alianguka pia, kimya kimya, na hakuwa na wa kumwambia.

Shamba langu kule Ntalikwa sitalilima tena. Nitatembea kwa magongo, na maumivu yatabaki. Hayo nimeyakubali, au nitayakubali.

Kuhusu Mama, sijui kama ameniamini. Namfahamu, kesho atarudi kuuliza. Nitamwambia vilevile, neno kwa neno, na keshokutwa pia, mpaka aache kuuliza.