Taji Lililobonyea Katikati

Bacup, Lancashire
9 Februari 1920

Mdogo wangu Amos,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, isipokuwa kikohozi, ambacho sasa nimekizoea kama mpangaji. Wewe je? Unakula huko Ufaransa? Uliondoka hapa umekonda hadi kola ya shati inakuzunguka.

Nimesikia kikosi chenu cha kufukua maiti kimehamia Somme. Basi nina ombi. Unajua mwanangu Clement hajaonekana tangu asubuhi ile ya mapigano ya Julai 1916. Sina kaburi lake, Amos. Nataka kaburi lenye jina lake, sitaki kingine.

Kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Siku Clement anaondoka, hapa jikoni, marehemu mume wangu Ezra aliibandua beji mpya kwenye kofia ya mtoto akambandikia ile yake, aliyorudi nayo kutoka vita vya Makaburu, Afrika Kusini. Alisema imeshamrudisha mmoja, itamrudisha na wa pili. Jeshi halikuruhusu mambo hayo, kwa hiyo tulifunga midomo. Alama ya kikosi ni ile ile. Tofauti iko kwenye taji. La mfalme, ambalo vijana wote walipewa, matao yake yamepanda yakaviringana kama mgongo wa mkate. La marehemu malkia, aliyetawala enzi za vita vya Ezra, limebonyea katikati, pale msalaba unaposimama. Ukiona taji lililobonyea, huyo ni mwanangu.

Dada yako,
Selina

Somme
3 Machi 1920

Dada mpenzi,

Barua imefika, na keki ya tangawizi imefika ngumu kama tofali. Tumeila hivyo hivyo. Mimi mzima, ila mvua haikatiki. Kikohozi kimepungua?

Kazi yenyewe sitakuficha. Tunapita na vyuma virefu tukitafuta mahali ambapo nyasi zimekuwa kijani kupita kiasi. Vibati vya majina vya shingoni havitusaidii. Wakati ule askari alikuwa na kimoja tu, na akifa wenzake walikikata wakakipeleka ofisini, mwili ukabaki bila jina. Kwa hiyo tunategemea buti, kijiko, beji. Nikipata beji naiosha kwenye kopo, naangalia taji kabla ya kitu kingine. Wenzangu wananicheka, "Amos, unatafuta ufalme?"

Mpaka sasa yote ni ya mviringo. Nakuomba usijipe moyo sana, dada.

Mdogo wako,
Amos

Bacup
21 Machi 1920

Amos,

Habari za huko? Sisi tupo. Na usiniambie nisijipe moyo. Moyo ni wangu.

Nimemwambia Ada Pilling habari ya taji. Unamkumbuka, jirani yangu mtaani na kiwandani pia. Mwanawe Harold alipotea siku moja na Clement. Mashine zilikuwa zinanguruma, nikamwambia kwa midomo tu, kama tunavyoongea sote pale. Aliacha nyuzi zake zikatike akatoka uani, asirudi hadi kengele. Nadhani ni wivu, kwa sababu mimi nina alama ya kumtambulia wangu. Simlaumu. Tafuta tu.

Dada yako,
Selina

Somme
14 Aprili 1920

Dada,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Kama umesimama, kaa.

Jana, katika handaki lililofukiwa, tumempata mmoja. Kibati hakuna, buti hazina namba. Beji ilikuwa imeganda udongo. Niliiosha kwenye kopo. Limebonyea, Selina. Niliipitisha kidole mara mbili kwa kuwa sikuyaamini macho yangu, kisha nikalia mbele ya watu wote, na hakuna aliyenicheka.

Luteni anasema ukiandika kiapo kuhusu beji hiyo, na mchungaji akaweka sahihi, ataliandika jina.

Amos

Bacup
20 Aprili 1920

Mdogo wangu wa pekee,

Mungu akuweke. Kiapo hiki hapa, na sahihi ya mchungaji. Amelitangaza jambo hili kanisani, watu wakanishika mikono mlangoni hadi bega likauma. Ada hakuja. Nimelala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu Ezra afe. Niandikie kaburi linaelekea upande gani, na kama ua la kwetu linaweza kuota kwenye udongo huo.

Dada yako mwenye furaha,
Selina

Somme
29 Aprili 1920

Dada yangu,

Nakusalimu, na sijui nianzie wapi.

Tuliendelea na handaki lile lile. Tumepata wengine watatu karibu yake, wamelala kama walivyoanguka. Beji zao nimeziosha mwenyewe. Zote tatu zimebonyea.

Kwani mtaani kwetu wazee wangapi walikwenda kupigana na Makaburu? Je, beji ya Ezra ilikuwa na mkwaruzo, pengo, chochote? Hizi zimesuguliwa hadi zimelainika, huwezi kuzitenganisha.

Luteni ameshapokea kiapo chako, na hajui kwamba yule wa kwanza naye angeweza kuwa wa mama mwingine. Nikinyamaza, Clement atapata kaburi. Niambie nifanye nini. Ijumaa tunahamia kaskazini, na sehemu hii inafungwa. Hakuna atakayerudi kuchimba.

Amos

Bacup
10 Mei 1920

Amos,

Natumaini u mzima. Mimi sijui nilivyo.

Beji ya Ezra haikuwa na pengo wala mkwaruzo. Aliisugua kila Jumamosi, kama wenzake wote. Nilitaka kukwambia unyamaze. Sikufichi, kalamu nilishaishika. Lakini nikaenda kwanza kwa Ada.

Alifungua mlango akaniangalia mdomo kabla sijasema neno. "Selina," akasema, "ulidhani Ezra peke yake ndiye aliyerudi kutoka kule?"

Mume wake alimbandikia Harold ya kwake, jikoni kwao, siku ile ile. Nikamuuliza mbona hakuniambia. "Ulikuwa umefurahi mno," akasema. "Ningekwambiaje?" Tukaenda kwa jirani zetu kina Nuttall, na kwao ni hivyo hivyo. Kufika mchana tulikuwa wanawake saba jikoni kwangu. Tunaishi ukuta kwa ukuta, na kila mmoja alidhani siri ile ni ya nyumba yake.

Bi Nuttall alisema jina la Clement libaki, angalau mtaa uwe na kaburi moja. Nilimtazama Ada, na nikaona siwezi. Ningekuwa namlilia Harold wake kwa jina la mwanangu, au ningekuwa namlilia wangu kweli, na nisingejua kamwe. Chana kiapo changu. Wote wanne wazikwe bila majina. Mchungaji nitamwambia mwenyewe. Nimechoka, Amos, na sitatafuta tena.

Walipokuwa wanatoka, Ada alisimama mlangoni akahesabu: vijana saba waliopotea, mmepata wanne. Akauliza kama bado mnachimba pale.

Ijumaa yako ilikuwa imeshapita. Nimemwambia mnachimba.

Dada yako,
Selina