Madirisha Uliyoyaacha Wazi

Kwako mjukuu wangu, mke mwenzangu, mwenye vyeti vingi na kichwa cha kuku,

Umesoma mpaka macho yakaomba miwani, lakini kufunga ulichofungua hukufundishwa. Ulitoka hapa kwangu na begi moja, mkono ungali kwenye plasta, ukaacha kompyuta yako imejaa madirisha wazi, moja limelalia jingine, na barua pepe za tangu uko chuo hujafuta hata moja. Ungekuwa karibu ningekufinya mpaka uite jina la babu yako.

Nimeshakugombeza, sasa nakusalimu. Hujambo? Mkono umeunga? Unalala usingizi? Unakula chakula au unashindia chai kama kawaida yako? Mimi ni mzima. Narudia, ni mzima kabisa. Jana nimefua mapazia, leo nimepanda stuli nikayatundika mwenyewe, na meno yangu yaliyobaki bado yanavunja mfupa. Lishike hilo, usiliruke kama watu wanavyoruka salamu. Utaona mbele kwa nini.

Nakuandikia kwa kalamu, kwa mwandiko huu unaoucheka kwamba unatambaa kama jongoo. Nimempa mama muuza vitambaa, maana anakuja huko kuchukua mzigo na anapajua unaposhonea. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu, hata awe mwenye nyumba. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Jumapili mchana aligonga mlango mumeo, yule Bwana Tabasamu aliyekuvunja mkono. Alikuja na mkate, shati limenyooka kwa pasi, akapiga magoti akisema amekuja kuniomba radhi, kwamba hasira zilimpitia, kwamba hataki hata kujua uko wapi, anataka nimsamehe tu. Akatoa na machozi. Nilimwambia machozi hayo ayapeleke kwa daktari aliyekufunga plasta. Hakukasirika, akatabasamu, akaomba achomeke simu yake kwenye umeme, pale kwenye meza yako. Nami nikaona nisije nikaambiwa nimemnyima mtu chai nyumbani kwangu. Nikaenda jikoni. Maziwa yakafurika, nikachelewa kufuta jiko. Niliporudi nilimkuta kwenye kiti kilekile, mikono magotini, kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Unajua kompyuta yako naifunika na kile kitambaa changu cha maua. Nilidhani ikishafunikwa na kioo kikawa cheusi, basi imelala na mlango umefungwa. Nani angeniambia kuwa chini ya kitambaa iko macho? Jioni niliona maua yametazama ukutani. Mimi huyaelekeza mlangoni wageni wayaone, kwa sababu nimeyatarizi mwenyewe. Nikasema labda ni uzee. Asubuhi nikafunua nisome habari zako. Uliniambia barua mpya zina herufi nene, na iliyokwisha kusomwa hukonda. Zote zilikuwa zimekonda, hata zile za juzi ambazo hakuna aliyezigusa.

Nikamwita yule binti fundi wa simu na kompyuta wa pale kona. Alipoona madirisha yako alishika kiuno akauliza kama hii ni kompyuta au stendi ya mabasi. Nikamwambia sikumwita kunichekesha. Akaanza kuyapitia moja moja, na kila akienda anapunguza maneno. Nikamuuliza ameona nini. Akanionyesha mahali pa kutafutia barua za zamani. Mumeo alikuwa ametafuta “nyumba mpya”. Akatafuta “chumba”. Akatafuta “kodi”. Akatafuta jina la yule rafiki yako aliyekupokea. Amepekua barua zako zote, za kuombea kazi, za hospitali, mpaka picha ya kitambulisho chako. Tena ameacha mtego: fundi anasema kila barua inayokujia sasa, nakala yake inamwendea mumeo. Anakusoma akiwa kwake ameegemea mto.

Unapoishi hakupapata. Ulinitajia kwa mdomo na mimi sikuandika popote, maana hata kuandika kwenyewe kunanichosha. Kwa hilo nilijipongeza kidogo. Nilijipongeza mapema.

Kwa sababu hapo fundi alifungua dirisha langu, lile ulilonifungulia nipokee habari zako, akaniuliza kama majuzi nimekuandikia. Nikacheka. Mimi? Herufi zenyewe zimetawanywa ovyo kama mchele uliomwagika, A imenuna peke yake pembeni! Mimi husoma tu, sijawahi kuandika humo hata jina langu. Fundi hakucheka. Akanisomea kwa sauti barua iliyotoka Jumapili, wakati mimi nafuta maziwa. Ilisema mimi bibi yako nimelala hoi, kwamba jirani ndiye ananiandikia, kwamba nataka nikuone kabla sijafumba macho, na kwamba uje peke yako, usimwambie mtu. Kisha akanisomea jibu lako, ambalo nalo nakala yake imeshamwendea mumeo. Umesema unalia, umeomba ruhusa kazini, utapanda basi la Ijumaa na utafika peke yako.

Nilikaa sakafuni, mjukuu wangu. Sikumbuki nilivyofika huko chini.

Wewe nawe! Barua inakuita “mpenzi mjukuu wangu”, ukaamini imetoka kwangu? Lini mimi nilikuita mpenzi? Ungeona imeandikwa “we kichwa cha kuku”, hapo ndipo ungekata tiketi.

Nilitaka fundi akujibu palepale. Akasema lolote tutakaloandika humo, mumeo atalisoma kabla yako au pamoja nawe, na atajua tumemgundua. Namba yako ya simu sina, ulikataa mwenyewe niwe nayo, na ulikuwa na akili siku hiyo. Basi tumeiacha kompyuta ilivyo, haijazimwa, ili aendelee kudhani unakuja. Tangu hapo nakaa nayo humu ndani kama nakaa na mtu. Inavuma chini ya kitambaa, na mimi nikipita napunguza sauti. Ina kijicho kile cha kamera juu ya kioo. Nimekibandika plasta ya kidonda, na bado nimeigeuza ukutani.

Leo asubuhi mumeo alipita na pikipiki, polepole. Nilikuwa nafagia mbele ya mlango. Akanipa shikamoo, akaniuliza, meno yote nje, kama natazamia mgeni wiki hii. Nikamjibu sitazamii hata paka. Akasema basi atapita Ijumaa anisalimie. Nilishika ufagio kwa mikono miwili, nikaendelea kufagia palepale palipokwisha kuwa safi. Mimi, niliyemfukuza mwizi kwa mwiko, namwogopa mtu anayenipa shikamoo.

Sasa niseme nililolikwepa tangu nianze kuandika. Siku unaondoka uliniagiza nimwite fundi afunge kila kitu na aisafishe kompyuta. Uliponiuliza baadaye kupitia mama muuza vitambaa, nilimtuma akuambie tayari. Ulikuwa uongo. Kuna dirisha moja lina picha yako, umecheka, kabla mtu huyo hajaingia kwenye maisha yetu. Kila asubuhi nilifunua kitambaa nikakuamkia. Niliogopa fundi akilifunga utakuwa umeondoka kweli. Basi nikakuacha wazi. Makelele yote niliyokupigia pale juu, zaidi ya nusu yalikuwa ya kwangu mwenyewe.

Fundi amepiga picha za yote aliyoyaona, na kesho ananisindikiza polisi. Ijumaa wanawake wa mtaa huu watakuja kushinda kibarazani kwangu, kila mmoja na kazi yake ya mkono. Bwana Tabasamu akija anisalimie, atatusalimia wote.

Msalimie rafiki yako aliyekupokea, mwambie Mungu amzidishie. Wasalimie unaoshona nao. Ni mimi bibi yako, niliye mzima, ninayeona, ninayetembea.

Usije. Ijumaa usikanyage stendi, wala wiki ijayo, mpaka nikuandikie tena kwa mwandiko huu wa jongoo. Usijibu chochote kwenye kompyuta. Nenda kwenye mashine nyingine, badilisha neno lako la siri, mwondoe kila mahali alipojichomeka, na unifunge na mimi pia, na picha yako na vyote. Na kama begi umeshalipanga, lipangue sasa hivi, kabla hujaikunja barua hii.